Mwenyeji au wa Mahali Pamoja? Funzo la Mjusi wa Pemba

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa mara kwa mara na wafasiri ni hili: neno la Kiingereza wanalolitumia wanabiolojia kumweleza mnyama asiyepatikana popote duniani ila mahali pamoja lifasiriwe vipi? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa mfano wa kiumbe mdogo wa kwetu, naye ni mjusi wa kijani wa Pemba.

Jina lake la kisayansi ni Phelsuma parkeri, na aliyemweleza kwanza ni Arthur Loveridge, mwaka 1941. Ni wa jamii ya mijusi kafiri, ila hafanani na yule tumjuaye ukutani, mwenye rangi hafifu, awindaye wadudu usiku karibu na taa. Huyu ni kijani mwili mzima, hutembea mchana, na huonekana katika minazi na migomba. Kama jamaa zake wa jenasi hiyo, hula wadudu na kulamba utomvu mtamu wa maua. Hana kope, kwa hiyo husafisha macho yake kwa ulimi.

Kwa nini awepo Pemba peke yake? Unguja imetengwa na bara kwa maji ya kina kifupi, na bahari ilipopungua zama za barafu, iliungana na bara. Mkondo wa Pemba, kinyume chake, una kina cha zaidi ya meta 500. Viumbe waliofika huko walibaki wametengwa, na baadhi yao wakageuka kuwa spishi mbalimbali na jamaa zao. Popo mkubwa wa Pemba ni mfano mwingine.

Sasa tuitazame istilahi. Ugumu unatokana na kwamba madaktari nao hulitumia neno lile lile la Kiingereza, lakini kwa maana iliyo karibu na kinyume: ugonjwa usiokatika katika eneo fulani, ijapokuwa upo kwingine pia. Niliwahi kuletewa rasimu ya tangazo la afya iliyosema kuwa malaria ni ugonjwa “usiopatikana ila katika wilaya hii”. Mfasiri hakuwa mvivu. Alifungua kamusi moja, akachukua maana ya kwanza aliyoiona.

Kosa la upande wa pili ni kuandika “mnyama mwenyeji” au “mnyama wa asili”. Maneno haya ni sahihi kwa kiumbe aliyezaliwa na kuzoea mahali, lakini hayamzuii kuwepo kwingine. Tumchukue Phelsuma dubia, mjusi mwingine wa jenasi hiyo hiyo, ambaye yupo Komoro, Madagascar, Unguja na pwani ya bara. Akiitwa mwenyeji wa Komoro, hapana ubaya. Lakini mjusi wa Pemba akiitwa mwenyeji tu, msomaji atadhani kuwa akitoweka Pemba ataletwa mwingine kutoka Tanga. Hataletwa, kwa kuwa hayupo.

Neno “pekee” nalo lina kasoro: “spishi ya pekee ya Pemba” yaweza kufahamika kuwa ni spishi bora, au kwamba Pemba haina spishi nyingine. Kwa sababu hiyo napendekeza matumizi yafuatayo:

1. Spishi ya mahali pamoja: isiyopatikana kwingine. “Mjusi kijani wa Pemba ni spishi ya mahali pamoja.”
2. Spishi nyenyeji: iliyopo kwa asili, hapo na pengine kwingine pia.
3. Ugonjwa uliokita: usiokatika katika eneo. “Malaria ni ugonjwa uliokita katika wilaya hii.”

Jambo hili si la wanavyuoni peke yao. Jenasi nzima ya Phelsuma imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya mwituni. Mtumishi wa bandarini anayekagua kibali husoma tafsiri zetu. Akisoma “mwenyeji”, ataona mjusi wa kawaida. Akisoma “wa mahali pamoja”, atajua uzito wa kilichomo sandukuni.

Kuhusu jina lenyewe, “mjusi kijani wa Pemba” ni pendekezo tu. Walimu wa Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani wanaombwa watuletee majina wanayoyatumia wakulima mashambani, kwani neno lililo hai vinywani mwa watu hutangulia lile linaloundwa mezani.