Mbegu Chungu na Biskuti za Krismasi

Sogeeni, wajukuu. Shule zimefungwa, Krismasi imebisha hodi, na ninajua mnachokitaka: biskuti. Tutazipika leo, tena za chokoleti, na kila mmoja wenu atashika mwiko. Ila jiko litasubiri kidogo. Kwanza niwasimulie hiyo chokoleti inatoka wapi, kwa sababu anayeijua safari yake hataichezea jikoni.

Wapo wanaodhani chokoleti ni mali ya Ulaya, eti kwa kuwa kwenye karatasi zake kumeandikwa lugha za huko. Mashamba ya Ulaya hayana mti wa kokoa hata mmoja. Baridi ingeuua kabla haujafika kiunoni. Huu ni mti wa joto, mvua na kivuli. Asili yake ni misitu ya Amerika ya Kusini, lakini siku hizi nchi mbili zinazoongoza dunia kwa kokoa ni Ivory Coast na Ghana. Nasi tunayo yetu. Kyela, kwenye bonde la kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wakulima huipanda pamoja na migomba. Waganda wanayo Bundibugyo, na Wakongo wanayo Beni.

Na mti wenyewe una vituko. Embe huning'inia nchani mwa tawi, sivyo? Kokoa haitaki hayo. Maua yake huchomoza moja kwa moja kwenye gome la shina, na tunda huota papo hapo, limegandamana na mti toka chini hadi juu. Ua ni dogo sana, na limejikunja kiasi kwamba nyuki hana njia ya kuingia. Anayeingia ni usubi. Ndiyo, usubi, jamaa ya wale wanaotufanya tujikune jioni. Huzaliana kwenye majani yaliyooza chini ya miti, ndiyo maana mkulima anayefagia shamba lake likang'aa hujipunguzia mavuno bila kujua. Siku nyingine mkitaka kuwalaani usubi wote, wabakizeni hao.

Tunda likiiva hugeuka njano au rangi ya chungwa. Ukilipasua unakuta mbegu kama thelathini au arobaini, zimepangana zikiwa zimevikwa ute mweupe, mtamu wenye ukakasi wa mbali. Watoto wa wakulima hufyonza ule ute, kisha huitema mbegu, maana mbegu ni chungu kweli kweli. Ajabu ni kwamba mbegu hiyo inayotemwa ndiyo chokoleti.

Mkulima mwenye akili haitemi. Huzikusanya mbegu pamoja na ute wake kwenye masanduku ya mbao, au huzirundika na kuzifunika kwa majani ya migomba, kisha huziacha zichachuke siku 5 hadi 7, akizigeuza kila baada ya muda. Humo ndani vijidudu vya chachu na bakteria hula ule ute wenye sukari, na rundo lenyewe hupata moto mpaka karibu nyuzi 50. Ukitumbukiza mkono utautoa haraka. Joto hilo na asidi inayotokana na ute huo huua mbegu isiote tena. Uchungu hupungua, na vile vitu vitakavyoleta harufu ya chokoleti huanza kujijenga. Baada ya hapo huanikwa juani, husafirishwa, hukaangwa, na kukaangwa huko ndiko kunakoamsha harufu yenyewe. Mkulima akiruka zile siku za kuchachusha, hakuna kiwanda duniani kitakachoirekebisha kokoa yake. Mimi husema kazi kubwa ya chokoleti hufanyika shambani, ingawa sifa huenda kwa mwenye kiwanda.

Zamani, kabla ya viwanda hivyo, Wamaya na Waazteki wa Meksiko na Amerika ya Kati walikuwa wakiinywa kokoa bila sukari, wengine wakiitia pilipili. Mbegu zake walizitumia hata kama fedha za sokoni. Wahispania wakaivusha bahari, Wazungu wakaitia sukari. Mwaka 1828 familia ya Van Houten, huko Uholanzi, ikapata haki ya mashine ya kuikamua. Mbegu ya kokoa ina mafuta yanayofika nusu ya uzito wake, na ikikamuliwa hubaki kitu kikavu kinachosagika. Huo ndio unga wa kokoa, huu uliomo ndani ya kopo letu.

Nami nawashauri mpike kwa unga huu, achaneni na chokoleti ya vipande. Vipande ni ghali, huyeyuka mfukoni kabla hamjafika nyumbani, na vingi vina sukari nyingi kuliko kokoa. Unga wa kokoa hauyeyuki, hukaa kabatini miezi, na ladha yake haina masihara. Someni tu kopo: wanaouza kinywaji cha chokoleti chenye sukari na maziwa nao hutumia makopo yanayofanana. Ninyi tafuteni lililoandikwa kokoa peke yake.

Haya, nawa mikono. Tunahitaji siagi gramu 125, yaani nusu ya pakiti ya gramu 250, na sukari uzito huohuo. Asiye na mizani achukue nusu kikombe cha sukari na kijiko kimoja cha mezani kilichojaa. Yai moja. Unga wa ngano gramu 175, kama kikombe kimoja na robo. Kokoa vijiko 4 vya mezani, bekin pauda kijiko kimoja cha chai, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Majarini ya kopo pia inafaa. Biskuti zitatoka, ila utamu wa siagi ni habari nyingine. Mwenye iliki atwange punje tatu nne aongeze. Visheti na vileja vya Pwani vimezoeana na iliki tangu zamani, na kokoa haimkatai mgeni huyo.

Siagi na sukari ndizo huanza. Sugua kwa mwiko mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi. Msichoke upesi: chembe za sukari zinachimba vishimo vya hewa ndani ya siagi, na bila hewa hiyo biskuti hutoka nzito kama kigae. Tia yai, piga tena. Chekecha unga, kokoa, bekin pauda na chumvi pamoja, kwa sababu kokoa hupenda kujifunga madonge, na donge la kokoa mdomoni ni adhabu. Changanya taratibu, acha mara tu unga usipoonekana tena. Ukiendelea kukanda unautengeneza mkate, na sisi hatutaki mkate.

Bekin pauda nayo msiidharau. Ndani yake mna vitu viwili visivyopatana, kimoja cha asidi na kingine cha magadi, vimelala kimya kwa kuwa ni vikavu. Vikipata maji na joto hugombana, na ugomvi wao hutoa hewa ya kaboni daioksaidi. Hewa hiyo ndiyo inayoinua biskuti.

Sasa Desemba. Vitabu vingi vya mapishi viliandikwa kwenye nchi ambako Krismasi ni baridi, na vinasema finyanga na uoke mara moja. Dar es Salaam au Mombasa, jikoni kukiwa na nyuzi 30 na zaidi, siagi inakaribia kuyeyuka hata kabla haijaona moto. Ukioka hivyohivyo, biskuti zitatambaa kwenye trei mpaka ziwe chapati moja kubwa. Kwa hiyo weka donge lote la unga kwenye friji nusu saa. Nyumba isiyo na friji itumie beseni la maji baridi: funika bakuli, liweke juu ya maji, mahali panapopigwa na upepo. Wa Mbeya na Njombe hamna shida hii, nyinyi endeleeni.

Finyanga vidonge ukubwa wa limau changa, vibonyeze kidogo kwa uma, vipange vikiachana vidole viwili. Oveni iwe nyuzi 180, dakika 10 hadi 12. Wenye jiko la mkaa msikate tamaa. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, iweke motoni ipate joto, ingiza sahani ya bati yenye biskuti, funika, kisha palia makaa machache juu ya kifuniko. Moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu. Hapo lazima awepo mtu mzima, na jiko liwe nje au mahali penye upepo, kwa maana mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamekufa wakiwa wamelala.

Kuna mtego mmoja. Biskuti ya kawaida hukwambia imeiva kwa kugeuka rangi ya dhahabu. Hii ni nyeusi tangu ilipokuwa mbichi, kwa hiyo rangi haitakusaidia. Gusa ukingo: ukiwa mgumu na katikati pakiwa bado laini, toa. Utadhani haijaiva. Iache dakika tano kwenye trei bila kuishika, itakaza yenyewe kadiri inavyopoa. Anayesubiri mpaka iwe ngumu ndani ya oveni hupata kitu cha kuvunjia meno.

Zitatoka kama ishirini na nne. Zikipoa kabisa, zitie kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana, mbali na sisimizi, na zitakaa wiki nzima. Ila kabla hamjafunga mkebe, pangeni sahani moja mfunike kwa kitambaa mpeleke kwa jirani. Wale waliotuletea vileja sikukuu ya Idi wanasubiri zamu yetu, na sahani yao bado iko kabatini kwetu.

Na aliyelamba mwiko ndiye atakayeosha sufuria.