Nani hapa hana mtu?

Mtu akikamatwa Lweba, mashariki mwa Kongo, na kulala kwenye kasho ya polisi, jamaa zake humfikia kwa miguu au kwa pikipiki, wakiwa na bugali na ndagala. Kesi ikipelekwa Uvira, mambo hubadilika. Barabara ya Taifa namba 5, inayopita Mboko na Makobola kandokando ya Ziwa Tanganyika, ni ndefu kwa mama mwenye nauli ya kwenda tu. Amri namba 344 ya 17 Septemba 1965 iliipa serikali jukumu la kulisha wafungwa, lakini katika magereza ya Kongo walishaji ni familia. Asiye na ndugu karibu husubiri masazo ya wenzake.

Ndiyo maana Mkristo anayekuja kutoka ng'ambo kutembelea wafungwa, nilivyoona mimi, aulize kwanza: nani hapa hana mtu? Asiende peke yake, aende na makanisa ya hapa. Kanisa la CELPA lilianzishwa na Wapentekoste wa Norwe, CEPAC na wenzao wa Sweden, na Wamethodisti Huru wana hospitali ya Nundu. Makanisa haya yanajua mlango upi wa kubisha. Ndani ya gereza yupo kapita, mfungwa anayewaongoza wenzake. Chakula kikiachwa mlangoni hupita mikononi mwake, na wanyonge wanaweza wasikione. Ni bora kukaa naye mapema, mkubaliane, kisha mgawe wenyewe sahani kwa sahani.

Baada ya chakula, ulizia dosie, yaani faili la kesi. Ibara ya 18 ya Katiba ya 2006 inasema polisi hawawezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumfikisha kwa mamlaka ya sheria. Hakimu akiruhusu kizuizi cha awali, hutoa siku 15 kwanza, kisha mwezi mmoja mmoja, kila mara kwa uamuzi mpya. Wengi huozea ndani kwa sababu hakuna anayehesabu. Mgeni hana mamlaka ya kumtoa mtu wala asimwahidi hivyo, lakini anaweza kuandika tarehe ya kukamatwa na ya mwisho kufika mbele ya hakimu, kisha akampa wakili. Kosa lenyewe asiliulize. Wala asipige picha.

Kwa Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, iliyofunguliwa 2015, tahadhari ni nyingine. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mfungwa mgeni haki ya kuonana na konseli wa nchi yake, lakini mkimbizi aliikimbia nchi hiyo hiyo. Usiupigie ubalozi simu kwa wema wa moyo. HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ndilo la kuarifiwa, mfungwa mwenyewe akikubali.

Katika Biblia, Onesiforo wa Efeso alimtafuta Paulo aliyefungwa Roma hadi akampata, wala hakuionea haya minyororo yake. Naupenda mfano huo kwa sababu mgeni ndiye aliyetafuta. Lakini kuhubiri kusiwe bei ya sahani: Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, zinampa mfungwa haki ya kumkataa mhubiri, na Mwislamu au asiyetaka kusali ana njaa ile ile.

Kabla hajarudi kwao, mgeni aikabidhi orodha ya wasio na mtu kwa kina mama wa kanisa la Uvira, pamoja na fedha ya unga wa miezi ijayo, na mtu mmoja anayejulikana wa kuipokea.