Bakteria Anayekuja na Msumari Wake

Wamimine bakteria juu ya seli za binadamu kwenye kisahani cha maabara, waache kwa saa tatu, kisha suuza na uchungulie kwa hadubini. Bakteria wengi watakuwa wameondoka na maji. Lakini ukitumia E. coli wa kundi ambalo madaktari huliita EPEC, utakuta jambo la kushangaza: wamebaki, na hawakutapakaa. Wamejikusanya mafungu mafungu. Hapa kuna fungu lililosongamana juu ya seli moja, pale jingine, na katikati seli nyingi hazijaguswa kabisa.

E. coli walio wengi hawana ubaya. Tunaishi nao utumboni tangu siku chache baada ya kuzaliwa. Hawa wa EPEC ni wengine. Mwaka 1945, daktari John Bray wa London alichunguza watoto wachanga waliokuwa wakiharisha wakati wa kiangazi, akakuta karibu wote wana E. coli wa aina moja, ambayo kwa watoto wenye afya njema ilikuwa nadra. Ilichukua miongo kadhaa kufahamu kinachompa bakteria huyu nguvu, na sehemu kubwa ya ufahamu huo ilitokana na watu wazima waliojitolea kunywa bakteria wenyewe huku madaktari wakiwaangalia kwa karibu. Katika jaribio moja la Marekani, lililotangazwa mwaka 1985, watu 9 kati ya 10 waliokunywa bakteria kamili waliharisha. Waliopewa bakteria wale wale, ila wamenyang'anywa kipande kimoja cha DNA kiitwacho plasmidi, ni 2 tu kati ya 9 walioharisha. Na bakteria hao walionyang'anywa plasmidi hawakuweza tena kujikusanya mafungu.

Plasmidi hiyo ilibeba nini? Jibu lilipatikana mwaka 1991: jeni za kutengeneza nyuzi nyembamba za protini zinazochomoza kwenye mwili wa bakteria. Nyuzi za bakteria mmoja hujisokota pamoja na za jirani yake hadi zikawa kamba, na kamba hizo ndizo zinazolifunga fungu zima. Hapo mtu angedhani kisa kimekwisha: anayejikusanya zaidi ndiye mkali zaidi. Sivyo.

Mwaka 1998 watafiti walivuruga jeni moja tu, ile inayoendesha mashine ya kuvuta nyuzi hizo. Bakteria waliopatikana walikuwa na nyuzi nyingi kuliko kawaida na walishikana barabara, ila hawakuweza kuachana. Kwa kawaida, baada ya saa kadhaa fungu hufumuka na kila bakteria akashika njia yake. Hawa walibaki wamegandana. Walipopewa watu waliojitolea, waliweza kukaa utumboni, lakini uwezo wao wa kuleta ugonjwa ulikuwa umepungua takriban mara 200. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi mzito kuliko yote katika habari ya EPEC. Kushikana ni hatua ya kupita tu. Bila kuachana kwa wakati wake, bakteria hafiki mbali.

Fungu likifumuka, kila mmoja anahitaji kujishikiza kwenye seli ya utumbo kwa nguvu zaidi. Bakteria wengi wa magonjwa hutafuta juu ya seli kitu kilichokuwepo tayari, sukari au protini fulani, wakakidaka. EPEC hategemei hilo. Ni kama mgeni anayefika na msumari wake, akaupigilia ukutani mwako, kisha akatundika koti.

Watafiti waliona zamani kwamba chini ya bakteria aliyeshika kuna protini fulani ndani ya utando wa seli. Wakaipa jina Hp90, wakiamini ni ya binadamu. Mwaka 1997, Brett Finlay na wenzake katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walionyesha kuwa ni ya bakteria mwenyewe. Huitengeneza ndani yake, huisukuma hadi ndani ya seli kupitia kijibomba chembamba, nayo hujipachika kwenye utando huku sehemu yake ya katikati ikitokeza nje. Siku hizi huitwa Tir. Juu ya mwili wa bakteria kuna protini nyingine, intimini, inayoikamata hiyo Tir, na hapo hawabanduki tena. Ncha za Tir zilizobaki ndani nazo huiamuru seli ikusanye aktini, protini inayoipa umbo lake. Seli hutii. Vijinyweleo vyake vya kufyonza chakula hufutika, na mahali pake huinuka kijukwaa kinachoweza kufika mikromita 10, bakteria amekalia juu. Yeye mwenyewe urefu wake ni kama mikromita 2.

Seli iliyopoteza vijinyweleo hainyonyi maji na chumvi ipasavyo, na mtoto huanza kuharisha. Matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, likiwemo eneo la Nyanza magharibi mwa Kenya, yalitolewa mwaka 2013. Kati ya watoto wa chini ya mwaka mmoja walioharisha vibaya, wale waliokuwa na EPEC mwenye nyuzi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki kuliko wenzao wasio naye. Maji ya chumvi na sukari yakitolewa mapema, pamoja na zinki, huokoa wengi wa watoto wanaoharisha.

Lakini kuna kinga inayotangulia hayo yote. Watafiti wa Mexico walichukua maziwa ya mama, hasa yale mazito ya manjano ya siku za kwanza, wakayachanganya na EPEC maabara, na bakteria wakashindwa kujikusanya juu ya seli. Kazi hiyo hufanywa na kingamwili pamoja na sukari maalumu zilizomo kwenye maziwa. Huko Brazil, wengine walizipima kingamwili hizo ili kujua zinalenga nini hasa. Walikuta nyingine hukamata protini ya zile nyuzi za kufunga fungu, na nyingine hukamata intimini.