Kabureta ya pikapu ya zamani: Kwa nini jina la gari halitoshi dukani

KWA mfanyabiashara anayepeleka mboga au zabibu katika Soko la Job Ndugai, Nzuguni jijini Dodoma, pikapu iliyotengenezwa miaka ya 1980 bado ni chombo cha riziki. Lakini kabureta yake inapochoka, mmiliki huenda dukani au hupiga simu Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 450, na kuagiza "kabureta ya Hilux" iletwe kwa basi. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu hakuna kabureta moja inayofaa Hilux zote.

Toyota iliziwekea pikapu hizo injini nyingi tofauti za petroli. Zipo za familia ya R, kama 12R ya lita 1.6, 18R ya lita 2.0 na 22R ya lita 2.4. Baadaye zikaja za familia ya Y: 1Y ya lita 1.6, 2Y ya lita 1.8, 3Y ya lita 2.0 na 4Y ya lita 2.2. Kila injini huvuta hewa kwa kiasi chake, hivyo koo la kabureta na matundu madogo ya kupitishia petroli, ambayo mafundi huyaita jeti, hupimwa kulingana na kiasi hicho.

Namba ya chesisi hutoa fununu ya kwanza. Hilux yenye herufi RN ilitoka kiwandani na injini ya R, na yenye YN ilitoka na injini ya Y. Yenye LN ni ya dizeli, isiyotumia kabureta kabisa. Hata hivyo, gari lililotembea miaka 30 au 40 mara nyingi limekwisha badilishiwa injini, pengine zaidi ya mara moja. Kadi ya gari inaweza kuwa bado inaitaja injini iliyokwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Ushahidi wa kuaminika ni alama iliyogongwa kwenye bloku ya injini yenyewe. Mara nyingi hufunikwa na grisi na vumbi, na husomeka baada ya kusuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa, injini ikiwa imepoa.

Kabla ya kununua chochote ni vema kuhakikisha kwamba kabureta ndiyo mkosaji. Platini iliyochakaa, plagi chafu, majira ya cheche yaliyopotoka, pampu ya petroli iliyodhoofika au mpira wa hewa uliopasuka huleta dalili zilezile: injini kukohoa, kukosa nguvu mlimani na kuzima gari linaposimama. Vumbi la kiangazi cha Dodoma nalo huziba chujio la hewa, injini ikatoa moshi mweusi kana kwamba kabureta imeharibika.

Mwinuko pia una sehemu yake. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Kabureta ya kawaida haina njia ya kulitambua hilo. Hewa inapopita kwa kasi katika koo lililobanwa, shinikizo hushuka na petroli hunyonywa kutoka kwenye bakuli lenye boya. Kwa kuwa hewa imepungua uzito ilhali jeti ni ileile, mchanganyiko huwa na petroli nyingi kuliko inavyotakiwa, yaani zaidi ya sehemu moja ya petroli kwa takriban sehemu 15 za hewa kwa uzito. Kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa vizuri pwani inaweza kula mafuta zaidi ikifika Nzuguni, na dawa yake ikawa marekebisho au jeti ndogo kidogo, si kabureta nyingine.

Ikithibitika kwamba ni lazima kubadilisha, kabureta ya zamani ndiyo sampuli bora kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Aifungue fundi, isafishwe, kisha isomwe. Za Toyota kwa kawaida hutengenezwa na Aisin, za Datsun na Nissan na Hitachi, na za Peugeot 504 ni Solex au Zenith. Katika namba za vipuri za Toyota, tarakimu 21100 humaanisha kabureta, na kwa Nissan ni 16010. Muuzaji anayeonyesha tarakimu hizo tano pekee amethibitisha tu kwamba ndani ya boksi mna kabureta. Ni tarakimu zinazofuata zinazosema ni ya injini gani.

Vipimo navyo visiachwe. Umbali kati ya matundu ya bolti, kipenyo cha makoo yote mawili, upande wa kuingilia petroli na aina ya choki, kama ni ya kuvuta kwa waya au ya kujiendesha, vyote vinapaswa kulingana. Vivyo hivyo mkono wa eksileta, kwani uliotengenezwa kwa fimbo haukubali waya bila kubuniwa kitu, na ubunifu wa namna hiyo umewahi kuacha eksileta ikinasa gari likiwa barabarani. Tahadhari zaidi inahitajika kwa 4Y, kwa kuwa injini hiyo ilitumika pia kwenye mashine za kunyanyulia mizigo ghalani. Kabureta za mashine hizo zinaweza kuwa na kifaa cha kuzuia mwendo, kisichofaa pikapu.

Kabureta mpya ya kuiga, hata ikingʼaa, si lazima iwe bora kuliko kuukuu ya asili. Ikiwa mhimili wa kizibo cha hewa haujalegea, gasketi mpya, sindano ya boya na usafishaji wa kina hutosha mara nyingi, tena kwa gharama ndogo. Mhimili ukicheza, hewa huvuja na hakuna skrubu itakayoirekebisha, isipokuwa fundi wa kukereza vyuma atie bushi mpya.

Mnunuzi ana kinga pia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mtu aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kutegemea utaalamu wake anastahili bidhaa inayofaa matumizi hayo. Hivyo risiti iandikwe alama ya injini, si neno "kabureta" tu. Anayeshuku bidhaa bandia anaweza kuripoti kwa Tume ya Ushindani.

Baada ya kufunga, injini iwashwe huku kizimamoto kikiwa karibu na maungio yote yakaguliwe kabla ya safari. Katika injini nyingi kabureta hukaa jirani na bomba la moshi, na petroli inayodondoka juu ya chuma cha moto huteketeza gari lote kwa dakika chache. Ile ya zamani ihifadhiwe, kwani jeti, skrubu na mikono yake huenda vikahitajika siku mpya itakapokwama.