Doa Lisilotoka kwa Majivu

Vijijini kwetu wapo wanaosugua meno kwa majivu ya mekoni, wapo wanaotumia mkaa uliosagwa, na mtu akiwa na safari ya posa hata mchanga laini huingia kinywani. Wanachotaka ni kuondoa ile rangi ya kahawia kwenye meno ya mbele, ambayo ukizaliwa Singida unakua ukiiona kwa majirani na pengine kwenye kioo chako mwenyewe. Haitoki. Kinachoondolewa na mchanga ni jino lenyewe.

Rangi hiyo huanzia ardhini. Sepuka, wilayani Ikungi mkoani Singida, iko katika nyanda za miamba mikongwe ya itale, jamii moja na majabali yaliyotapakaa mjini Singida. Maji ya chini hukaa muda mrefu kwenye nyufa za miamba ya namna hiyo na kuyeyusha madini ya floraidi. Ndiyo maana Singida hutajwa pamoja na Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga kila inapozungumzwa mikoa yenye floraidi nyingi majini. Hali haifanani kila mahali: kisima hiki kinaweza kuwa na maji mazuri, na cha upande wa pili wa kijiji kikapita kiwango. Ulimi hauwezi kukwambia, kwa sababu floraidi kwa viwango hivyo haina ladha wala harufu.

Mtoto akiwa mdogo, meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi. Chembe hai hutandaza gamba gumu la nje, enameli, na kulijaza madini. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, tangu kuzaliwa hadi kama miaka minane, ujazaji unaharibika na enameli inabaki na vinyweleo. Jino huota likiwa na mabaka meupe kama chokaa, kisha vile vinyweleo hunywa rangi taratibu hadi yanakuwa ya kahawia. Doa basi limo ndani ya jino. Mtu mzima akihamia Sepuka akiwa na miaka thelathini hatalipata, hata akinywa maji yaleyale kila siku.

Sasa pima ugumu. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachotumika kwa mawe na madini, enameli iko karibu na 5; chembe za mchanga wa kwaazi ni 7. Kinachokwaruza na kinachokwaruzwa viko wazi. Na enameli haioti tena, maana chembe zilizoijenga hufa jino linapochomoza. Enameli iliyodhoofishwa na floraidi huvunjika kwa urahisi zaidi, kwa hiyo anayesugua kwa bidii kubwa mara nyingi ndiye mwenye meno yanayohimili kidogo. Mswaki wa kijiti uliotafunwa ncha ikalainika hauna ubaya. Ubaya ni mchanga.

Siyo kwamba floraidi ni sumu tupu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama ya kwetu. Hadi mwaka 1931 ndipo ilipothibitika kwamba chanzo ni floraidi majini. Njiani McKay alikuwa amegundua jambo la ajabu: meno yale yenye madoa hayakuoza haraka. Ndiyo asili ya floraidi kwenye dawa ya meno leo. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, dawa ya kiasi cha punje ya mchele inatosha, na afundishwe kutema.

Lakini maji si mtuhumiwa pekee, na hapa ndipo mazoea ya jikoni yanapoingia. Mlenda bila magadi, wengi watasema, si mlenda. Maharage nayo yanawekewa magadi yaive upesi. Magadi ya kuokotwa kando ya maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floraidi, mengine nyingi mno. Utafiti wa L. Mabelya na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, ulihusisha magadi na meno ya kahawia katika vijiji vya Tanzania ambavyo maji yake yalikuwa na floraidi kidogo. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva bila msaada huo. Mlenda sitaugombania, ila chungu cha mtoto kitengwe.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi: mvuke hutoka, madini hubaki, na kinachobaki huongezeka ukali. Chemsha kwa ajili ya vijidudu. Maji ya mvua ya bati safi karibu hayana floraidi kabisa, na ndiyo ya kumpikia mtoto uji. Huko Ngurdoto, Arusha, kipo kituo cha serikali kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Mazoea mengine nitayapitia haraka. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza. Anayemaliza kikombe cha chai kwa mara moja ana nafuu kuliko anayekigusagusa tangu saa mbili hadi saa tano. Ukila ukwaju au ndimu, usipige mswaki papo hapo. Na chupa ya soda ifunguliwe kwa kifungua chupa, si kwa meno.

Kiwango cha floraidi kilichowahi kuruhusiwa katika maji ya vijijini Tanzania kilikuwa miligramu 8 kwa lita, baadaye 4. Sasa ni 1.5, sawa na pendekezo la Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo kisima cha zamani kilichokubalika kwa kipimo cha enzi zake huenda leo kisikubalike. Usimamizi wa maji vijijini uko chini ya wakala wa serikali, RUWASA, tangu mwaka 2019. Kwenye mkutano ujao wa kijiji, kabla ya kuuliza pampu itatengenezwa lini, ulizeni kisima chenu kina miligramu ngapi, na mtake jibu hilo kwa maandishi.