Kusali Wakati wa Kiangazi: Chakula cha Roho Kilicho Nje ya Mlango Wetu

Mvua za vuli zikishakwisha, Bura yetu hii ya Taita (si ile ya Tana River) hubadilika rangi. Kuanzia Januari hadi masika yaanze, kwa kawaida mwezi wa Machi, jua huwaka kweli kweli. Mahindi ya huku chini yamevunwa, au yamekauka kabla ya kuzaa. Foleni ya mitungi hurefuka, na maneno nayo hurefuka.

Huko Ulaya majira ya joto ni likizo. Waumini wengi huenda mafungo milimani au kando ya bahari, wakapumzika na kusali. Kwetu kiangazi si likizo hata kidogo. Ndiyo sababu wengine huuliza, na wana haki ya kuuliza: nitakaaje kimya nikitazama miti, na nyumbani hakuna maji?

Tunalijibu swali hilo hapa kwa sababu tunaona kwamba kiangazi ndicho kipindi ambacho sala ya kimya inahitajika zaidi. Haihitaji fedha, wala mchango, wala kibali cha chifu.

Hebu tuanze na mtu aliyejua ukame kuliko sisi. Nabii Eliya (someni 1 Wafalme, sura ya 17 hadi 19) alikaa kando ya kijito mpaka kijito kikakauka. Baadaye alichoka, akajilaza chini ya mti na kuomba afe. Angalieni Mungu alivyofanya. Hakumhubiria. Kwanza alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Baada ya hapo ndipo Eliya akafika mlimani, na pale Mungu hakuwa katika upepo mkali, wala tetemeko, wala moto, bali katika sauti ndogo ya utulivu. Kwa hiyo asije mtu akawaambia wenye njaa kwamba sala inatosha badala ya chakula. Chakula kwanza. Lakini Eliya aliyeshiba bila kuisikia ile sauti angerudi kwa watu wake na woga ule ule.

Yesu mwenyewe alifanya hivyo. Marko 1:35 inatueleza kwamba aliondoka alfajiri, kungali giza, akaenda mahali pasipo watu kusali. Na alipofundisha habari za wasiwasi wa chakula na mavazi, aliwaonyesha watu ndege na maua ya kondeni (Mathayo 6). Tena aliwaambia wawatazame. Kutazama ni kazi, jamani. Wengi wetu tunapita chini ya mbuyu ule ule kila siku na hatujui ulipukutisha majani lini.

Wengine husema mambo haya ya kukaa kimya ni ya wazungu au ya watawa. Si kweli. Hii ilianza Afrika: katika karne ya 3 Antoni wa Misri aliingia jangwani kusali peke yake, na wengi wakamfuata. Na hata hapa Taita, kabla Mapadre wa Roho Mtakatifu hawajaanzisha misheni ya Bura mwaka 1892, wazee walikuwa na mahali pa kunyamaza. Vile vichaka vitakatifu viitwavyo fighi havikukatwa miti ovyo, wala watu hawakuingia kwa kelele. Fighi ilikuwa ulinzi wa kijiji. Sehemu nyingine vichaka hivyo ndivyo vilivyohifadhi miti ya asili iliyobaki.

Walikuwa pia na kutasa. Vijana wengi leo hawajui neno hili. Mzee alichukua kinywaji mdomoni, pombe au maji ya miwa, akakitema huku akitamka maneno ya kuwatakia wenzake heri na kumwomba Mlungu. Maana yake ilikuwa kuitoa hasira iliyojificha moyoni, kwa sababu waliamini hasira iliyofichwa huleta madhara kwa watu na mifugo. Grace Harris, mtaalamu wa Marekani aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1978.

Hatusemi turudie matambiko. Mkristo ana njia yake, na ana Kristo. Lakini wazee hao walijua jambo ambalo vikundi vyetu vinalisahau, kwamba mtu hawezi kuomba mvua huku amemfungia jirani yake moyoni. Yesu naye alisema uache sadaka yako madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako (Mathayo 5). Na jina Mlungu, tunalomwita Mungu kwa Kidawida mpaka leo, tumelipokea kwa wazee hao hao.

Sasa, inafanywaje? Si jambo gumu. Chagueni mahali pamoja, mkae hapo mara nyingi. Kivuli cha mwembe nyuma ya nyumba kinatosha, au jiwe kando ya mto. Keti, tulia, pumua polepole. Soma mistari michache tu, kwa mfano sehemu ya Zaburi ya 104, ile inayosifu chemchemi, ndege na wanyama. Isome mara mbili. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto, na mtoto naye atafaidika. Kisha funga kitabu, utazame kitu kimoja tu kwa muda wa dakika kumi: siafu wakihama, kivuli kikisogea, tawi kavu la mgunga lenye miiba na kiota juu yake. Mawazo ya ada ya shule yatakuja. Yakija usipigane nayo. Mwambie Mungu, halafu rudisha macho pale pale. Mwishoni sema asante kwa jambo moja ulilopata siku hiyo, na utaje jina la mtu mmoja uliyemkasirikia. Basi.

Akina mama watatuambia: hizo dakika kumi zitoke wapi? Tunajua. Mama anayeamka saa kumi usiku kufuata maji hawezi kuongezewa mzigo mwingine ukaitwa ibada. Lakini foleni ya maji yenyewe ina muda mrefu, na muda huo mara nyingi huliwa na masengenyo. Mwingine atasali akitembea na mtungi, hatua kwa hatua, jina la Yesu kwa kila pumzi. Na akina baba, kama kweli mnataka wake zenu wasali, bebeni mtungi mmoja.

Tena tahadhari. Sisi tuko jirani na Tsavo. Maandiko yanasifu alfajiri, lakini alfajiri huku tambarare tembo na nyati wanaweza kuwa bado njiani, na wakati wa ukame hufuata maji mpaka karibu na nyumba. Msiende peke yenu porini gizani kwa jina la sala. Subirini jua litoke, au kaeni uani.

Faida kwa kikundi iko wapi? Tuseme kikundi kina mfereji mmoja na mashamba ishirini. Kiangazi kikifika, zamu ya maji inarukwa, mtu anafungulia usiku, na mkutano unageuka uwanja wa matusi. Kikundi kingi huvunjika hapo, si kwa kukosa fedha. Tunashauri mkutano wa zamu uanze kwa kimya cha dakika tano, nje, mbele ya mfereji wenyewe, kila mtu akiyatazama yale maji machache. Hapo ndipo hesabu huonekana vizuri, kwa kuwa maji hayaongezeki kwa kelele. Mwenyekiti asiharakishe. Kimya kitawachosha wengine mara ya kwanza. Kuna atakayekohoa, kuna atakayecheka. Vumilieni.

Na kutazama huko hubadilisha maamuzi. Aliyeutazama mti mmoja kwa wiki sita za Kwaresima, ambayo kila mwaka hutuangukia kwenye jua hili hili au mwanzo wa masika, hataukata kwa makaa upesi. Ukame ule wa kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mapema 2023 ulitufundisha jinsi mkaa unavyovutia njaa ikibisha hodi. Hatumhukumu aliyekata ili watoto wale. Ndiyo maana kikundi kipange mapema, mbegu, akiba na zamu, kabla mtu hajabaki peke yake na shoka.

Mkiweza, mara moja kwa mwaka pandeni juu pamoja. Msitu wa Ngangao ni mdogo, hekta 120 hivi, lakini miezi ya Juni hadi Agosti, wakati huku chini ni kukavu, kule ukungu hutua juu ya miti na maji hudondoka kutoka kwenye majani. Tulieni msikilize tone moja moja. Kuna ndege wa kule mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya machungwa, anayechakura wadudu chini kwenye majani yaliyooza. Hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii ya Taita. Mungu amemweka kwetu. Ongeeni kwanza na walinzi wa msitu, na msichukue mche wala ua.

Papa Fransisko, aliyetoa waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, mwaka huo huo aliweka tarehe 1 Septemba kuwa siku ya kuombea uumbaji. Wengi huiendeleza mpaka tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kwetu huo ni mwisho wa kiangazi cha pili, wiki chache kabla ya vuli: wakati wa kuchimba mashimo ya miche na kusafisha mifereji. Jumuiya Ndogo Ndogo itakayopenda kuanza ichague siku moja ya juma, saa kumi na moja jioni jua likiwa limepoa, chini ya mti mmoja. Mje na mkeka, na Biblia moja inatosha kwa wote.