Hershey: Timu Inayolea Wachezaji wa Wengine

Juma hili nazungumzia Hershey Bears, timu ya mpira wa magongo wa barafuni huko Hershey, Pennsylvania, Marekani, mji uliojengwa na tajiri wa chokoleti, Milton Hershey. Timu hiyo iliingia Ligi ya Hoki ya Marekani mwaka 1938 na haijatoka. Ligi hiyo ni ya daraja la pili: mchezaji akiiva, huchukuliwa na timu kubwa. Braden Holtby na John Carlson walilelewa Hershey. Mwaka 2018 walitwaa Kombe la Stanley wakiichezea Washington Capitals. Je, mlezi alipata hasara? Nasema hapana. Kufikia mwaka 2024, Hershey ilikuwa imetwaa Kombe la Calder, taji la ligi yake, mara 13. Anayejua kulea hakosi wana.